Mashine ya wafo: kabla hujatoa hela, angalia bawaba

Mwezi wa tatu nilinunua mashine ya wafo (ile mikate ya vyumbavyumba kama sega la nyuki) Kariakoo, nyeusi inang'aa, boksi lina picha ya wafo nene zimemwagiwa asali mpaka mate yanakutoka. Nikafika nyumbani nikakoroga atta, yaani unga wa ngano wenye pumba zake, na ulezi kidogo, maana baba watoto kaambiwa apunguze mkate mweupe na watoto uji wa ulezi wanautazama kama dawa ya minyoo, nikamimina, nikafunga, nikasubiri. Kufungua tu, wafo ikaachana katikati, nusu imeng'ang'ania juu nusu imeng'ang'ania chini, ndani rojo bichi. Nikaulaumu unga, nikaongeza yai, nikaongeza mafuta, nikarudia Jumapili nne mfululizo hadi watoto wakaanza kuomba chapati kwa jirani. Kumbe unga wa watu hauna kosa. Kosa lilikuwa bawaba.

Eeh, bawaba. Pale nyuma kifuniko kinaposhikana na kitako. Watu wakikushauri watakwambia angalia wati, angalia nonstiki, angalia rangi iendane na jiko, hayo unayajua sitayarudia. Hakuna anayekwambia ushike kifuniko kwa nyuma ukinyanyue uone kama kinacheza. Bawaba nzuri imelegea kidogo, rojo likiumuka kifuniko kinapanda nalo sawasawa mbele na nyuma. Bawaba mbovu imekazwa kama ya mlango wa choo cha stendi, nyuma haisogei hata milimita, basi rojo likiumuka linabanwa nyuma halafu mbele linasukuma kifuniko kinaachama, wafo inatoka kama kabari, nyuma nyembamba imeungua na mbele nene haijaiva. Unga mweupe unaweza kukusamehe kwa sababu ni mwepesi na unaiva chap. Atta haisamehi. Zile pumba zinakunywa maji, rojo linakuwa zito, linaiva taratibu, na ulezi wenyewe hauna gluteni ya kushikana, sasa ukiongezea na kifuniko kinachobana upande mmoja umekwisha.

Na wala si jambo geni. Kuna Mmarekani wa Troy, New York, anaitwa Cornelius Swartwout, alipata hataza ya chuma chake cha wafo tarehe 24 Agosti 1869, chuma cha kuweka juu ya jiko, kina bawaba na mkono wa kukigeuzia. Miaka zaidi ya 150! Halafu mimi mwaka huu nauziwa kitu kinachobana kama mtego wa panya.

Jinsi ya kupima dukani: kunja kitambaa kiwe kinene kama kidole, kiweke katikati ya sahani zile mbili (mashine ikiwa baridi jamani), funga, kisha chuchumaa uitazame kwa ubavu. Kifuniko kikikaa sambamba na kitako, endelea kuongea bei. Kikiinuka kama mdomo wa mamba, rudisha, hata kama muuzaji anakukata jicho. Mimi wananiona kichaa, nishazoea.

Haya, tupange sasa.

Namba moja kwangu ni chuma cha Nordic Ware cha kuweka juu ya gesi, na upendeleo ninao, sifichi, na hakuna aliyenilipa. Ni kampuni ya Minnesota ya tangu 1946, walewale wa yale makopo ya keki ya Bundt yenye tundu katikati. Hakina waya, hakina plagi, hakina taa. Ni vipande viwili vya alumini nzito, unapasha upande huu, unageuza unapasha ule, unamimina, unageuza tena. Changu naviachanisha vipande kabisa nikitaka kuosha, kwa hiyo kile kisirani cha bawaba iliyokazwa hakipo. Vyumba vyake vina kina, rojo la atta linaingia mpaka kwenye kona. Umeme ukikatika saa kumi na mbili asubuhi wewe unaendelea, na LUKU haiguswi. Ubaya wake nausema pia: madukani kwetu hukipati kirahisi, changu kililetwa na shemeji kwenye begi, wafo ya kwanza karibu kila siku inaharibika mpaka mkono uzoee moto wa jiko lako, na jiko la induksheni (la umeme linalopasha sufuria kwa sumaku) halikitaki kwa sababu ni alumini. Ila tangu kimeingia jikoni sijanunua mkate wa Jumapili.

Na hapa niwaonye nyie mnaoagizia ndugu. Mwambie ndugu yako akuletee cha gesi, SIYO cha umeme. Vya umeme vya Marekani ni vya volti 120, soketi yetu inatoa 230, na moto hauongezeki mara mbili tu kama watu wanavyodhani, unakaribia mara nne, mashine ya wati 1000 inajikuta inavuta kama 3,600 na inakata roho palepale. Rafiki yangu yake iliishi sekunde chache, ikatoa moshi, ikanuka, basi. Eti utatumia transfoma, transfoma la kubeba mzigo huo ni zito kama tofali na bei yake unapata mashine nyingine ya hapahapa.

Namba mbili: mashine ya umeme ya kugeuza, ile ya duara yenye mkono unaoizungusha yote juu chini. Hizi nyingi zina sahani za kina, na ukizungusha rojo zito linatambaa pande zote badala ya kulala chini. Kwa atta nisingeshuka chini ya wati 1000. Inakula nafasi, haitaki kulazwa kabatini, na bado bawaba uikague maana kugeuka ni jambo moja na kucheza ni jambo lingine.

Namba tatu ni zile za sahani za kubadilisha, kama Tefal Snack Collection, leo wafo kesho sandwichi, sahani zinachomoka unaziosha kwenye sinki kama vyombo vingine. Ni wati 700, kwa hiyo ukishaweka ulezi usiwe na haraka ya kwenda kazini. Ukiwa na mtoto wa shule anayetaka sandwichi kila siku, labda kwako hii ndo namba moja, sibishani.

Za bei chee na zile ndogo za wafo moja kama kisosi: kama uko geto peke yako, sawa. Nimemaliza.

Rojo lenyewe kwa kifupi maana nitaulizwa: atta kikombe kimoja na nusu, ulezi nusu (usizidishe hapo, itamomonyoka), maziwa mgando vikombe viwili hivi, mayai mawili, mafuta vijiko vitatu, soda ya kuoka kijiko kidogo kisichojaa, chumvi. Vyote isipokuwa soda acha vikae dakika 20 pumba zinywe, ndo umalizie soda, kwa sababu soda ikikutana na mgando inaanza kazi saa hiyohiyo haikusubiri. Utamu weka ndizi iliyoiva sana, sukari nyingi inaganda kwenye chuma. Usifungue mpaka mvuke upungue. Na zikitoka ziweke juu ya wavu, ukizitumbukiza kwenye hotpoti zinatoka jasho zinalegea kama chapati za jana. Mafuta paka kwa brashi, ya kupuliza kwenye kopo yanaacha utando unaonata.

Sasa wauzaji. Mna nini nyie? Mashine yangu boksi limeandikwa wati 1200, kuigeuza chini kumeandikwa 750. Nimerudi nayo naonyeshwa karatasi ukutani, "mali ikiuzwa hairudishwi", na wakati nanunua karatasi hiyo ilikuwa imefunikwa na blenda. Kuomba wachomeke niione inawaka, naambiwa dada hiyo ni orijino haijaribiwi. Haijaribiwi ni chanjo? Na hawa wa mtandaoni ndo kabisa, picha kumi, bei hakuna, "njoo inbox mpenzi". Unaenda inbox, bei ya asubuhi si ya jioni, na ukijua-jua kuuliza maswali wanakuacha umesomwa bila jibu.

Juzi nikamtafutia wifi yangu mashine, nikamuandikia mmoja kwa adabu zote: habari kaka, naomba kujua kifuniko kwa nyuma bawaba yake inacheza au imekaza? Akachukua saa mbili. Akajibu: "Ipo dada, nyekundu na nyeusi, nikuwekee ipi?"