Sato wa kibandani Kirumba: nyota nne, na ubishi wa nani kachagua

Kibanda kipo Kirumba, Mwanza, ukitoka soko la samaki la Mwaloni unapanda kidogo kwa mguu, hakina bango ila harufu itakufikisha. Huu mwaka wa tatu nakula hapa karibu kila Jumamosi, sato wa kukaanga na ugali wa udaga (wa muhogo), na sijawahi kuandika chochote mpaka juzi nilipoenda na rafiki yangu mwalimu wa fizikia akanitupia neno ambalo halijanitoka. Kasema wewe hujachagua kuja hapa, umeletwa. Umezaliwa Ukerewe, bibi yako kakulea kwa sato, una njaa, upepo umeleta harufu, sasa hiari iko wapi hapo, we ni dagaa tu kafuata taa.

Huo mfano wa dagaa ulinichoma maana sisi wa ziwani tunaujua, usiku wa giza wavuvi wanawasha taa, dagaa wanajaa wenyewe kwenye mwanga, wavu unapita. Lakini dagaa umwambie nini, haiachi taa. Mimi kuna siku hapo hapo nilimwinua sato shavu nikakuta matamvua yamepauka, hayana ule wekundu, nikamwambia mama mwenye kibanda leo huyu hapana, akasema kweli baba, ni wa jana, nikala maharage. Njaa ilikuwa ile ile na harufu ile ile! Kilichonizuia nacho ni sababu, sikatai, ila imepita kichwani kwangu nikaipima, na mimi hicho ndo naita kuchagua, sijui watu wanataka hiari ya aina gani zaidi ya hiyo. Kitendo kisicho na sababu yoyote kingekuwa changu kivipi?

Sasa huduma, hapa ndo nyota moja imekatika. Hiyo juzi na mwalimu, sato wangu aliletwa upande mmoja mweusi kabisa, kijana wa jikoni alikuwa anaangalia mpira kwenye simu. Mama akamsema vizuri tu, akakaanga mwingine bila kunidai. Dakika kumi baadaye kijana mwingine akamwaga bakuli zima la mchuzi maana mteja alirudisha kiti nyuma bila kuangalia kikampiga kiwiko, na huyu wa pili mama hakumgusa, alimpa tambara tu na pole. Mwalimu akasema unaona, wote wawili wamesababishwa, kwa nini mmoja agombezwe? Nikamwambia kaka, mmoja kafanya alichokitaka, mwingine kasukumwa, na mama mwenyewe kaona tofauti bila kusoma falsafa. Kusababishwa na kulazimishwa sio kitu kimoja, mwanafalsafa David Hume wa Scotland alilisema hilo karne ya 18 na mi naona alipatia.

Mwalimu hakukubali, akaleta jaribio la mtafiti wa ubongo Benjamin Libet la 1983 kule Marekani, watu wanakunja mkono muda wowote wakijisikia, ubongo ukaonekana kuanza kujiandaa kama nusu sekunde kabla, na wao wanasema wamehisi kutaka sekunde 0.2 tu kabla ya mkono kwenda. Ni jambo zito na nimelifikiria sana. Ila kukunja mkono bila sababu sio sawa na mimi kuamka Jumamosi nikahesabu hela, nikakumbuka ada ya mtoto, nikasema wiki hii nusu sato inatosha.

Tukiwa bado tunabishana ikashuka mvua ile ya Mwanza, maji yanateremka kutoka kwenye mawe huko juu, barabara ikawa mto, hakuna wa kutoka. Nikakumbuka mfano wa mwanafalsafa John Locke wa karne ya 17, mtu kabebwa usingizini akawekwa chumba kimoja na mtu anayetamani kuongea naye, mlango umefungwa kwa nje, kaamka kafurahi na anakaa kwa kupenda wakati kutoka hawezi. Mimi mvua inaanza nilikuwa nishaagiza chai ya tangawizi, hata ingekuwa jua kali nisingeondoka. Mwalimu alikuwa anataka kuwahi Sengerema, kila saa anachungulia nje. Tumekaa benchi moja, chini ya bati moja, na mvua ni ile ile.

Mkienda wahini kabla ya saa saba, sato wakubwa wanaisha. Na muulizeni mama samaki ni wa lini, anasema ukweli.