Uzoefu wangu: miche ya haidrenjia kutoka vitalu vya barabarani Mbeya

Nianze na jibu kabisa. Miche ya haidrenjia inayouzwa kwenye vitalu vya kando ya barabara hapa Mbeya inafaa kununuliwa, na kwa bei yake sijaona ua lingine la bustanini linalolipa namna hii. Lakini usinunue kwa kufuata rangi ya ua. Kagua shina, kagua mizizi, halafu ujue udongo wa nyumbani kwako ukoje. Rangi itakuja yenyewe, na inaweza isiwe ile uliyoipenda pale kitaluni.

Mimi nakaa upande wa Uyole. Huku juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, tuna bahati ambayo wengi hatuijui. Haidrenjia zilizozoeleka, zile za vichwa vikubwa vya mviringo, asili yake ni Japani, na ili zitengeneze matumba ya maua zinataka usiku wa baridi kwa majuma kadhaa mfululizo. Baridi hiyo sisi tunayo ya kutosha, kuanzia mvua zinapokatika hadi Agosti. Ndiyo maana ndugu zetu wa Dar es Salaam wakibeba mche kutoka huku, unawapa majani mazuri ya kijani na maua hawayaoni. Hawajakosea chochote, ni joto la usiku tu.

Nilinunua sehemu mbili. Kitalu cha kwanza ni cha kijana mmoja aliyepanga miche yote iliyochanua mbele, karibu na lami, na isiyo na maua nyuma. Yenye maua aliiuza 8,000, mingine 4,000. Nilipomuuliza kama rangi itabaki hiyo hiyo, akasema haibadiliki kamwe. Kitalu cha pili ni cha mama mtu mzima, na miche yake yote ni 5,000, iwe imechanua au haijachanua. Nikaelekeza kidole kwenye mmoja wa bluu. Akaniambia, "Mwanangu, huo nimeutoa Tukuyu, udongo wa kule ni mwingine. Kwako ukigeuka usije ukanidai." Kisha bila kuombwa akaulaza mche kiganjani, akaubonyeza kidogo, akautoa kwenye kiriba ili nione mizizi.

Hapo ndipo penye thamani ya fedha yako. Mche mzuri una mizizi mieupe au ya rangi ya maziwa, imeenea kwenye udongo wote na bado inaona nafasi. Ukiona mizizi ya kahawia imejizungusha chini kama kamba, huo umekaa kwenye kiriba muda mrefu mno. Unaweza kuuokoa kwa kuichanua mizizi na vidole kabla ya kupanda, lakini bei ishuke. Juu nako, hesabu mashina. Mashina matatu manene yanayotoka chini ni bora kuliko shina moja refu lenye ua kubwa kichwani. Macho yaliyo kwenye makwapa ya majani yawe yamevimba na yamekaa mawili mawili, moja likitazamana na jingine. Mche ulio kwenye maua umemaliza nguvu zake kwenye maua hayo, na ukiupanda utasinyaa kwanza. Ule wa nyuma, wa 4,000, ndio uliotangulia kuchangamka kwangu.

Sasa rangi. Mche wa Tukuyu na wenzake wawili waliotokana na mmea mama mmoja niliwapanda sehemu tatu tofauti za uwanja. Uliokaa karibu na msingi wa nyumba, umbali wa kama hatua moja kutoka ukutani, ulichanua pinki. Ulio chini ya mparachichi ulitoka zambarau. Wa tatu, upande wa uzio ambako tumekuwa tukitupa majani ya paina miaka yote, ulitoka bluu iliyoiva kabisa. Mmea ni ule ule. Kinachotofautiana ni udongo: ukiwa na uchachu, yaani pH (kipimo cha uchachu) chini ya 5.5 hivi, madini ya aluminiamu yanayeyuka na mizizi inayanyonya, ua linakuwa bluu. Uchachu ukipungua hadi pH 6.5 au zaidi, aluminiamu inafungika na ua linakuwa pinki. Katikati ya hapo unapata zambarau. Saruji ya msingi na lipu ya ukuta vina chokaa, na chokaa hiyo huchuja taratibu hadi kwenye udongo wa jirani, ndiyo maana za ukutani hugeuka pinki.

Ukitaka kukisia udongo wa mahali bila kipimo, tazama kinachostawi. Chai hupenda udongo wenye uchachu, na penye chai, kama Rungwe au Mufindi, usihangaike, haidrenjia yako itakuwa bluu. Nyeupe ndiyo isiyosikia dawa ya rangi: haigeuki bluu hata umwagie nini, mwishoni tu inapozeeka hupata wekundu au ukijani kidogo.

Kuna jambo naliona sana kwa majirani na linanisikitisha, kwa sababu huku kila nyumba ina mbolea ya mahindi stoo. Mtu anachota DAP anamwagia maua. DAP ina fosforasi nyingi, na fosforasi hukamatana na aluminiamu kwenye udongo, hivyo bluu inapotea. Urea nayo inakupa majani makubwa ya kupendeza bila ua. Mimi natumia samadi iliyooza vizuri mara mvua zinapoanza, na mbolea ya SA (salfeti ya amonia) kiganja kidogo kuzunguka shina, kwa sababu SA huongeza uchachu. Majivu ya jikoni nayapeleka kwenye mboga. Kwa anayetaka bluu haraka, shabu ya dukani, ile ya kusafishia maji, inafanya kazi: kijiko kimoja cha mezani kwenye lita 4 za maji, na udongo uwe umelowa kwanza. Usizidishe, inaunguza mizizi. Anayependa pinki atumie chokaa, na chokaa kutoka Songwe haituishii huku. Kubadilika kwa rangi huchukua msimu mzima, kwa hiyo usiongeze dozi kwa sababu ya haraka.

Kupogoa ndiko kunakoua maua kuliko ukame. Haidrenjia hizi za vichwa vya mviringo huchanua kwenye tawi la mwaka uliopita. Matumba yanajitengeneza ndani ya macho ya juu wakati wa baridi, huyaoni kwa nje. Fundi bustani akija Agosti na mkasi wake kusafisha uwanja kabla ya mvua, anaondoka na maua ya Desemba yote kwenye toroli. Jirani yangu alikuwa anasema haidrenjia yake ni dume. Nilipomuuliza inakatwa lini, jibu lilikuwa hapo hapo. Kata mara tu ua linapokauka, Machi au Aprili, shuka hadi kwenye jozi ya kwanza ya macho yaliyonona, na mashina yaliyozeeka sana uyatoe chini kabisa. Baada ya hapo weka mkasi mbali.

Ipo aina nyingine ya vichwa virefu vyenye ncha, nyeupe inayoelekea pinki, ambayo huchanua kwenye tawi jipya, hivyo hiyo unaweza kuikata mwisho wa baridi bila hasara, na inavumilia jua zaidi. Vitaluni hapa sijaiona ikiuzwa. Ukiipata, ichukue.

Maji ni shida ya Juni hadi Oktoba. Udongo wetu wa Uyole una chembe za mawe mepesi ya volkano, maji hayatuami, na hilo ni zuri wakati wa masika, ila kiangazi mche unanyauka saa saba mchana mbele ya macho yako. Usikimbilie ndoo kila ukiona majani yamelala. Yatazame jioni: yakiwa yameinuka yenyewe, lilikuwa jua tu. Yakiwa bado yamelala asubuhi, hapo mwagia, na umwagie hadi chini. Panda mahali panapopata jua la asubuhi na kivuli kuanzia mchana, upande wa mashariki wa nyumba unafaa sana. Weka matandazo ya majani ya paina au nyasi kavu, unene wa kama kiganja, yasiguse shina. Na kaa mbali na mlingoti, yaani mkaratusi, hakuna mche unaoshindana na mizizi yake.

Sisi tulio kwenye mabonde ya huku juu huwa tunapigwa Juni na Julai na umande unaoganda. Ukiunguza ncha, matumba ya juu yanakufa na mwaka huo unapata maua machache ya pembeni. Mimi nafunika na gunia usiku ule anga likiwa jeupe bila wingu na upepo umetulia, asubuhi naondoa. Watu wa Makete na Njombe wanalijua hili kuliko mimi.

Wenye ng'ombe au mbuzi wa ndani, matawi mliyopogoa msiyatupe bandani. Majani na maua vina sumu, na watoto wadogo nao wasiyatafune.

Maua ya kukata yanadumu vizuri sebuleni. Kata asubuhi mapema, kichwa kikiwa kimefunguka chote, kisha chovya sehemu iliyokatwa kwenye unga wa shabu kabla ya kuweka kwenye maji. Kikilegea, kizamishe kichwa kizima kwenye beseni la maji kwa saa moja au mbili, kinarudi.

Upungufu wa vitalu vyetu ni kwamba miche haina majina. Hakuna atakayekuambia aina, umri, wala kama mmea mama ulikuwa wa maua meupe. Kwa kitalu cha yule mama natoa alama nne kati ya tano, moja naikata kwa sababu hiyo. Kwa yule kijana alama mbili: miche yake ni hai na haina wadudu, lakini mteja anayeambiwa rangi haibadiliki atakuja kung'oa mmea mzima usio na kosa. Nenda Novemba mvua za kwanza zikishanyesha, asubuhi kabla jua halijaichoma miche, na uombe ile iliyowekwa nyuma.