Nairobi Half Life: filamu ya kwetu ninayowasihi muitazame

Tangu nihamie Dar es Salaam nimeulizwa mara nyingi kama Kenya kuna filamu ya uhalifu inayoweza kushindana na hizi za Korea na za Uturuki ambazo watu hapa wanazifuatilia hadi usiku wa manane. Ipo. Inaitwa Nairobi Half Life, ilitoka mwaka 2012, ikaongozwa na David "Tosh" Gitonga. Nimeitazama tena na tena, peke yangu na pamoja na wageni, na bado sijaona filamu nyingine iliyoijua Nairobi kwa undani hivyo.

Mwas ni kijana wa kijijini. Anauza DVD za filamu za mapigano, na ili wateja wavutike anaziigiza mwenyewe hadharani, anarusha ngumi, anaanguka, anafufuka, anabadilisha sauti. Yeyote aliyekulia karibu na kibanda cha video, akimsikiliza DJ Afro akisimulia filamu za watu kwa Kiswahili, atamtambua kijana huyu papo hapo. Ndoto yake ni kuwa mwigizaji, kwa hiyo anakwenda Nairobi akiwa na mzigo na pesa za binamu yake. Anaporwa vyote hata kabla hajaujua mji, kisha msako wa askari unamzoa na kumtupa rumande. Huko anakutana na Oti, kiongozi wa genge dogo, na maisha mawili yanaanza: mchana anahangaikia nafasi jukwaani, usiku anaiba.

Kuna tukio la choo huko rumande ambalo nawaomba msilikimbie, ingawa linachefua. Mgeni analazimishwa kusafisha choo ambacho hakuna mfungwa anayetaka hata kukikaribia. Mwongozaji mwingine angetuonyesha kijana akidhalilika, akalia, basi. Mwas anaifanya kazi hiyo kama mtu aliyepewa jukwaa, na taratibu wale waliokuwa wakimcheka wanaanza kumtazama kwa macho mengine. Joseph Wairimu, aliyeigiza Mwas, hakuwa mtu maarufu wakati huo. Tamasha la Filamu la Kimataifa la Durban lilimpa tuzo ya mwigizaji bora wa kiume mwaka huohuo, na kwangu mimi tukio hilo moja lilitosha kumpa.

Kilichonishika zaidi ni jinsi wizi unavyoonyeshwa kuwa kazi. Genge la Oti linaanzia kwenye vipuri: vioo vya pembeni, taa, chochote kinachong'oka haraka gari likiwa limesimama. Mkazi wa Nairobi hahitaji kuelezwa. Kwetu wenye magari huchongesha namba ya usajili kwenye kila kioo ili mwizi akose soko, na ukiibiwa taa utaambiwa uende ukaitafute Grogan, kwenye maduka ya spea ya barabara ya Kirinyaga, ambako pengine utauziwa kitu chako mwenyewe. Filamu inafuata mnyororo huo wote. Kuna anayeng'oa, kuna anayenunua bila kuuliza maswali, kuna polisi wanaokula na wezi. Vijana wanabishana kuhusu bei, wanalalamika kwamba mnunuzi anawanyonya, wanatamani kazi yenye malipo makubwa zaidi kama mfanyakazi yeyote anayetamani kupandishwa cheo. Ndivyo wanavyohama kutoka kwenye vioo hadi kwenye magari mazima na bunduki, na wewe mtazamaji unaielewa kila hatua. Hakuna mahali nilipojiuliza, "Sasa huyu amefikaje hapa?"

Oti ameigizwa na Maina Olwenya, aliyefariki mwaka 2022. Sijui namna ya kumsifu ikatosha. Ana ukali wa mtu ambaye hajawahi kulindwa na yeyote, na chini ya ukali huo kuna uungwana fulani kwa vijana wake. Anapomtazama Mwas unaona anampenda na anamwogopa kwa wakati mmoja, kwa sababu Mwas ana mahali pengine pa kwenda na yeye hana.

Mahali hapo pengine ni kundi la maigizo. Huko Mwas anakutana na watu wa tabaka jingine, vijana wa Kiingereza chepesi kama Cedric, aliyeigizwa na Mugambi Nthiga. Sikilizeni anavyoongea akiwa nao, halafu msikilizeni akirudi mtaani kwa Oti. Kikuyu cha nyumbani, Kiswahili, Sheng na Kiingereza vinapishana kufuatana na nani yuko mbele yake na anataka nini kutoka kwake. Wenzangu wa Tanzania huniambia Sheng inawatisha. Isiwatishe. Nakala halali ina maandishi ya Kiingereza chini, yatakayowasaidia kwenye Kikuyu; kwa sehemu nyingine ushauri wangu ni kuyapuuza. Sikio la Mswahili huzoea mapema kuliko mnavyodhani, na mkiwa mnasoma mtakosa nyuso, na filamu hii iko kwenye nyuso.

Nilitaja polisi. Hapa ndipo filamu inapouma, na sitaeleza inaishaje. Mwaka 2009, miaka mitatu kabla haijatoka, Philip Alston, mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa, alikuja Kenya kuchunguza mauaji ya washukiwa yanayofanywa bila mtu kufikishwa mahakamani. Aliondoka akisema wazi kwamba polisi walikuwa wakiua, tena kwa mpango. Sisi tuliokuwa nyumbani tulishazoea kusoma magazetini kwamba "majambazi sugu" wameuawa katika majibizano ya risasi, na tukafunua ukurasa unaofuata. Gitonga na waandishi wake hawakuweka hotuba hata moja kuhusu jambo hilo. Walichofanya ni kutufanya tukae na vijana hao kwa saa moja na zaidi, tukajua nani ana mzaha na nani ana hasira za karibu, na baada ya hapo habari fupi ya gazetini haisomeki tena kirahisi.

Wapo Wakenya wanaoinung'unikia kwa kuwa ilitokana na warsha za One Fine Day Films, kampuni ya Mjerumani Tom Tykwer na Marie Steinmann, zilizofanywa kwa kushirikiana na Ginger Ink ya Nairobi. Mimi siko upande wao. Pesa na walimu walitoka Ujerumani, ni kweli, lakini mwongozaji na waandishi ni watu wa kwetu, na hadithi hii haiwezi kutungwa na mgeni. Ndiyo filamu ya kwanza ambayo Kenya iliipeleka kuwania Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Haikuingia kwenye tano za mwisho.

Ina kasoro. Amina, mwanamke anayeuza mwili na ambaye Mwas anampenda, hakupewa nafasi ya kutosha. Nancy Wanjiku Karanja anamwigiza kwa utulivu mzuri, lakini filamu inamkumbuka pale tu wanaume wanapomhitaji. Ningependa sana kujua yeye anaota nini. Pia kuna mahali ambapo ratiba ya mazoezi ya jukwaani na ratiba ya uhalifu zinagongana kwa urahisi mno, ukaona mkono wa mwandishi.

Msiitazame pamoja na watoto. Kuna damu, matusi na mambo ya chumbani, na lile tukio la rumande si la wakati wa chakula. Epukeni pia nakala za kudurufu za mitaani. Ya kwanza niliyonunua ilikuwa na sauti inayochelewa na picha ya giza, na nusu ya matukio ni ya usiku, kwa hiyo nilipoteza mengi. Inakaribia saa moja na dakika arobaini tu, inatosha jioni moja.

Mkiipenda, tafuteni na Kati Kati ya Mbithi Masya, ya mwaka 2016, iliyotoka kwenye warsha hizohizo. Hiyo haina wezi. Inahusu watu waliokwisha kufa, ni ya polepole na ya ajabu kidogo. Lakini anzeni na hii ya Mwas.