Nilisoma Fedha miaka mitatu: kilichonifaa na kilichonipotezea muda

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu yangu haipumziki. Safari hii alianza mtoto wa shemeji: "Anko, nimepata division two ya ECA, nijaze Uhasibu au Fedha chuoni?" (ECA ni mchepuo wa Uchumi, Biashara na Uhasibu.) Nimechoka kurekodi sauti za WhatsApp za dakika sita sita, kwa hiyo naandika mara moja, atakayeuliza nimtumie hii.

Nilisoma BCom (shahada ya biashara) ya Fedha kwenye shule ya biashara ya chuo kikuu kimoja hapa nchini, 2016 hadi 2019. Jina la chuo naliacha, maana nimeongea na waliosoma kwingine na malalamiko yetu ni ndugu moja. Nikitakiwa kutoa nyota, natoa tatu na nusu kati ya tano. Mwaka wa pili peke yake ningeupa tano.

Mwaka wa kwanza usiusubiri uwe wa fedha. Ni uhasibu, uchumi, hisabati za biashara, takwimu, kompyuta na DS (taaluma za maendeleo). Sisi wa EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) tuliingia na kiburi cha hesabu, uhasibu ukatukaba koo. Nakumbuka saa saba usiku urari, lile jedwali la debiti kushoto na krediti kulia, umekataa kulingana, pande mbili zinapishana kwa 45,000. Nimekagua kila mstari mara tatu. Jirani yangu wa ECA akatupa jicho kwenye daftari langu, akasema, "Gawa kwa mbili, tafuta 22,500." Kweli, kulikuwa na gharama ya 22,500 nimeiweka kulia badala ya kushoto. Ujanja huo yeye aliufahamu tangu sekondari. Kama umetoka ECA, mwaka wa kwanza utapumua, ila ukidharau takwimu utakamata sup (mtihani wa marudio) mapema. Na kama umetoka EGM, likizo hii tafuta mtu akufundishe debiti na krediti. Usisubiri chuo, kwa sababu kwenye ukumbi wa watu mia nne, nusu wamekaa kwenye ngazi, mwalimu hatakusubiri wewe.

Mwaka wa pili ndipo nilipoanza kuona ada inafanya kazi. Kozi ya usimamizi wa fedha ilifundishwa na mwalimu ambaye hakuwa na slaidi kabisa. Siku ya kwanza aliandika ubaoni 8,500 × 60 = 510,000, ukumbi mzima ukacheka. Wakati ule boom, yaani hela ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, ilikuwa 8,500 kwa siku, na Bodi ya Mikopo ilituingizia 510,000 kwa siku 60. Akauliza: nani anataka 510,000 leo, na nani anataka 8,500 kila siku kwa siku sitini? Wote "leo!" Akasema sawa, sasa niambieni, kwa kiasi gani leo mtakubali kuziacha zile 8,500 za kila siku? Mmoja akasema 480,000. Mwingine, ambaye wote tulijua ana deni kwa mama ntilie, akasema 400,000. Mwalimu akakaa akapiga hesabu taratibu, akamwambia: wewe riba yako ni karibu 0.83% kwa siku. Ni kama 25% kwa mwezi, na hapo sijaweka riba juu ya riba. Kisha akaongeza, "Mkopeshaji wa mtaani akikujua, utaisha."

Hiyo ndiyo thamani ya fedha kwa wakati, na sijawahi kuisahau. Kwenye kitabu ilikuwa kurasa arobaini za dola na mashine za kutengeneza vitu nisivyovijua.

Mwalimu huyo huyo alitufundisha kupigia bei hati fungani, yaani hati za kuikopesha Serikali, kwa kutumia zinazouzwa na Benki Kuu yetu, si za Marekani. Alichukua ya miaka 20, kuponi (riba iliyoandikwa kwenye hati) 15.49% kwa mwaka, inayolipwa mara mbili kwa mwaka. Swali: kama wawekezaji wanaridhika na 12%, utailipia shilingi ngapi kwa kila 100? Tukakokotoa thamani ya leo ya malipo arobaini ya 7.745, kwa 6% kila nusu mwaka, pamoja na ile 100 ya mwisho, ikaja 126.26. Mjadala uliofuata ulikula saa nzima. Kijana mmoja alikataa katakata: nalipaje 126 kwa kitu kitakachonirudishia 100? Alielewa pale mwalimu alipomlazimisha kuandika kila kuponi kwenye mstari wake, miaka yote ishirini, na kuona kile kinachoonekana kama hasara mwishoni kilishalipwa njiani. Leo watu wengi tu wananunua hati hizi, kiwango cha chini ni milioni moja, na bado nakutana na wafanyakazi wa ofisini wanaodhani kuponi na faida ya mnunuzi ni kitu kimoja.

Nilipoenda nyumbani likizo, mama mdogo akanionyesha karatasi ya mkopo. Ana duka la vitenge. Amekopa milioni moja kwa taasisi moja ndogo, riba "asilimia tatu tu kwa mwezi", miezi kumi na miwili, rejesho 113,333 kila mwezi. Nikatoa kalkuleta. Riba ile ilikokotolewa juu ya milioni nzima hadi mwezi wa mwisho, wakati deni halisi linapungua kila mwezi. Ukiihesabu juu ya deni linalobaki, ni zaidi kidogo ya 5% kwa mwezi. Mama mdogo akaniuliza kama wamemwibia. Nikamwambia hapana mama, wameandika kila kitu hapa, ila ile tatu na tatu unayoifikiria wewe si moja. Akanyamaza, akaikunja karatasi, kisha akasema, "Sasa hayo mahesabu yako ungeniletea kabla sijasaini." Kwangu mimi, zile nyota tano za mwaka wa pili zimetokana na mchana ule.

Mwaka wa tatu umekaa vibaya zaidi, na hapa ndipo ninapokata nyota. Kozi ya uwekezaji ilitumia muhula karibu mzima kwenye nadharia ya akina Sharpe ya 1964, ile ya beta, kipimo cha jinsi hisa inavyoyumba pamoja na soko zima. Sina ugomvi na nadharia yenyewe. Lakini inadhani unaweza kununua na kuuza wakati wowote bila gharama, na sisi kazi ya nyumbani tulipewa tuitumie kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Soko hilo, DSE, lilianza biashara Aprili 1998 na kampuni moja tu, TOL. Limekua, lakini hisa niliyopangiwa mimi, ya kiwanda kimoja, ilikaa siku nane mfululizo bei ile ile, hakuna aliyeinunua wala kuiuza. Nikakokotoa beta, ikaja 0.04. Kwa fomula, kiwanda kile kilikuwa salama karibu sawa na dhamana za Serikali! Nikaandika jibu hilo hilo, nikapata 8 kati ya 10, bila neno moja la kalamu nyekundu. Mtu aliyepaswa kuniambia kwamba bei isiyotembea si sawa na bei isiyo na hatari hakuniambia. Nililielewa baadaye, nikiwa nimejisajili kwenye lile shindano la DSE la wanafunzi ambapo mnawekeza fedha za kuigiza. Niliweka oda ya kuuza, nikasubiri mnunuzi hadi nikachoka. Shindano lenyewe ni la bure, na lilinifundisha ukwasi, yaani urahisi wa kugeuza mali kuwa fedha taslimu, kuliko muhula ule.

Wachumi Modigliani na Miller tuliwasoma kwa heshima zote: mwaka 1958, dunia isiyo na kodi, mtaji uwe wa mkopo au wa hisa thamani ya kampuni haibadiliki. Dada mmoja akauliza, kama haibadiliki tunasoma ya nini? Bahati nzuri siku hiyo mwalimu aliitikia vizuri, akaleta kodi ya makampuni ya 30% na kuonyesha jinsi riba ya mkopo inavyopunguza faida inayotozwa kodi. Mwalimu akikubali swali la aina hiyo, kozi inapona. Walimu wengi wanasoma slaidi na kuondoka.

Kazi za kundi nisizizungumze sana. Kumi wanaandikwa majina, watatu wanafanya, mmoja anachangia hela ya kuprinti na anataka jina lake liwe la kwanza. UE, mtihani wa mwisho wa muhula, nayo inatoka kwenye madesa (notisi na mitihani) ya miaka ya nyuma kiasi kwamba unaweza kufaulu bila kuelewa. Nilipata B+ kwenye kozi ya fedha za kimataifa ambayo hadi leo nikiisoma naona kama ni mara ya kwanza.

Field, yaani mafunzo kwa vitendo, nilipelekwa tawi moja la benki, wiki nane. Tano za kwanza nilikuwa nabana mafaili na kutoa fotokopi za vitambulisho. Wiki ya sita afisa mikopo akanichukua kwenda kumkagua mteja, duka la jumla la sabuni na mafuta. Nilikuwa na daftari langu la uwiano: uwiano wa ukwasi, wa deni kwa mtaji, yote. Mwenye duka hakuwa na mizania, ile taarifa ya mali na madeni. Alikuwa na daftari la madeni lenye kava la kijani na simu yenye ujumbe wa miamala. Afisa hakuuliza uwiano wowote. Alipitisha kidole juu ya makatoni ya sabuni ya nyuma, akanionyesha vumbi. "Hii haiuziki. Usiihesabu kama mali ya kulipia mkopo." Kisha akachukua daftari la kijani akatazama majina yaliyorudiwa bila kukatwa mstari. Kwa nusu saa alikuwa ameshajua mzunguko wa bidhaa na ubora wa wadaiwa, vitu nilivyovisoma kwa fomula mbili za kurasa tatu. Fomula zilikuwa sahihi. Ila chuoni hakuna aliyewahi kunitoa darasani nikaone vumbi.

Jambo lingine: Excel. Kwenye mtihani tulipewa majedwali ya thamani ya sasa yenye asilimia kamili tu, kwa hiyo ukikutana na 12.75% unakadiria katikati. Kazini sijaliona jedwali hata siku moja. Usaili wangu wa kwanza nilipewa kompyuta na dakika arobaini nitengeneze ratiba ya marejesho ya mkopo. Nilijua kila kitu kwa kalamu, ila vidole vilikuwa havijui pa kubonyeza. Sikupata ile kazi. Jifunze mwenyewe kuanzia mwaka wa kwanza, video zipo tele.

Sasa swali la mtoto wa shemeji. Kama unataka kazi mapema na huna mtu wa kukushika mkono, jaza Uhasibu. Kila shule, hospitali na hoteli inahitaji mhasibu, ila wanaohitaji mchambuzi wa uwekezaji ni wachache na wengi wako Dar. Kama lengo ni CPA, cheti cha mhasibu aliyesajiliwa, nenda NBAA, bodi ya wahasibu, ukaulize kwa mdomo wako ni masomo gani utasamehewa kwa kila shahada, kabla hujajaza, usitegemee ya mtaani. Kama hesabu zinakufurahisha na uko tayari kuhangaika miaka miwili baada ya kumaliza, jaza Fedha. Mimi nilizunguka mwaka na miezi minne. Sasa niko idara ya mikopo, Bodi ya Mikopo inakata 15% ya mshahara kila mwezi, na kufutwa mwaka 2021 kwa ile tozo ya 6% ya kulinda thamani ya mkopo kulinipunguzia deni kuliko nilivyotegemea. Nililikokotoa mwenyewe usiku ule ule.

Ukishaingia, kozi za hiari chagua ya uchambuzi wa taarifa za fedha na ya kodi. Ya bima iache kama mwalimu ni yule anayesoma slaidi. Kalkuleta usinunue mpya, ninayo ya kwangu, kitufe cha saba kinahitaji kubonyezwa kwa nguvu kidogo.