Daraja la mikoko Gazi: angalia maji kwanza, kisha uliza pesa inakwenda wapi

Gazi iko Kwale, karibu kilomita 50 kusini mwa Mombasa. Ukishavuka Likoni, panda matatu ya Msambweni au Lunga Lunga, shuka steji ya Gazi, umalizie na bodaboda. Daraja la mbao linaloingia kati ya mikoko ni la kikundi cha akina mama wa kijijini, na wao ndio wanaowatembeza wageni.

Usiende bila kuuliza saa za maji. Siku za bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo ukifika yamejaa, mizizi yote imezama na kaa hawaonekani. Nenda yanapokupwa. Hapo utautofautisha mkoko wenye mizizi iliyopinda kama matao na mchu, aina nyingine ya mikoko, ambao mizizi yake huchomoza topeni kama penseli ili ivute hewa ambayo tope halina. Geuza jani la mchu uliguse kwa ulimi: ni chumvi tupu, mti umeitoa wenyewe.

Utalii endelevu watu wa Gazi wanauelewa vizuri, na wanauelewa kupitia mti. Boriti ukiikata unaiuza mara moja. Mkoko uliosimama unalea samaki wachanga, unazuia mawimbi yasile ufuo, na unamleta mgeni kesho na keshokutwa. Elimu hii imezama kwa sababu matunda yake yako machoni: tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja, unaotunza hekta 117, umekuwa ukiuza hewa ya kaboni, yaani unalipwa kwa kaboni ambayo mikoko inaivuta na kuihifadhi, na mapato yakaleta maji ya bomba na vitabu vya shule Gazi na kijiji jirani cha Makongeni.

Wageni ndio wanaochanganya mambo. Pesa ya kaboni ni ya mradi, kiingilio cha daraja ni cha akina mama. Ni mifuko miwili. Ukiletwa na wakala, muulize waziwazi kikundi kinapata kiasi gani katika ulicholipa. Bora zaidi ulipe pale pale mlangoni, bila kupunguziwa, maana matengenezo ni mzigo usiokwisha: mbao juu ya maji ya chumvi huoza, misumari huliwa na kutu, ubao ukalegea upande mmoja. Kanyaga penye vichwa vya misumari, ndipo palipo na mhimili chini. Vaa viatu vya kufunga, si kandambili.

Chakula agiza siku moja kabla. Samaki hununuliwa asubuhi wavuvi wanaporudi pwani, na wali wa nazi haupikwi kwa dakika kumi. Kijiji ni cha Waislamu, kwa hiyo beba kanga ya kujitanda unapopita mitaani.