Njia za baiskeli za Chicago: nazisifu mpaka pale zege linapoishia

Binti yangu ametimiza miaka 12 mwezi wa nne. Zawadi aliyoitaka ni moja tu: aache kuendesha baiskeli "kitoto", kule juu wanakopita waenda kwa miguu, ashuke barabarani na mimi. Na sheria ya Chicago iko upande wake. Hapa ukishafika miaka 12 huruhusiwi kuendesha kwenye njia ya waenda kwa miguu, isipokuwa palipowekwa alama ya kuruhusu. Yaani mtoto anakata keki leo, kesho sheria inamteremsha akachanganyike na malori. Nimelala na jambo hilo wiki kadhaa. Na kwa kuwa ndugu wengi huniuliza kama hizi njia za baiskeli za Marekani zina maana au ni rangi tu, nimeona niandike niliyoyaona katika miaka sita ya kunyonga baiskeli mji huu, kiangazi na theluji.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu baiskeli si mchezo wala mazoezi. Shangazi yangu alikuwa akivuka Ngamiani na buibui lake, ameketi upande kwenye keria ya Phoenix, mkono mmoja umeshika kapu na wa pili haukushika kitu. Nilikuja hapa nikijiona nimefuzu. Siku ya kwanza nikaingia Western Avenue, magari mbele, magari nyuma, kila mmoja ana haraka zake. Dakika kumi hazikufika nikashuka. Niliikokota baiskeli mpaka nyumbani, nikaifungia chini ya ngazi miezi mitatu.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja Mkongo, mzee wa Bukavu, anayetengeneza baiskeli za watu kwenye gereji ya nyumbani kwake. Nilimpelekea tairi, akaniuliza napita wapi kwenda kazini. Nilipomtajia njia yangu akatikisa kichwa. "Mama, wewe unatafuta kifo na nauli umelipa mwenyewe. Pita ziwani."

Basi nikapita ziwani. Naishi Rogers Park, kaskazini kabisa, na kazi yangu ni jikoni, hoteli ya katikati ya mji. Ni kama kilomita 15. Sehemu kubwa ya safari ni ile njia ya kando ya Ziwa Michigan, Lakefront Trail, inayoanzia mtaa wa Ardmore na kwenda kusini mpaka mtaa wa 71, karibu kilomita 29 kwa jumla. Magari hayakukatizi njiani. Tangu 2018 magurudumu wana njia yao na miguu wana yao, kwa hiyo hata wale wakimbiaji wenye vitu masikioni hukutani nao uso kwa uso. Asubuhi jua linachomoza kushoto kwako juu ya maji, na kama umekulia pwani utanielewa nikisema siku nyingine huwa napunguza mwendo makusudi. Barabara kubwa ya magari inayoambatana na njia hiyo, tangu 2021, imebeba jina la Jean Baptiste Point DuSable, mtu mweusi aliyeweka makazi hapa kabla mji haujawa mji. Sisi Waafrika tunaopita pembeni yake kwa baiskeli tunafurahi kimyakimya.

Kasoro ya ziwani ni hali ya hewa. Upepo ukitoka kusini unaweza kunyonga saa nzima ukaona jengo lilelile mbele yako. Na pale kwenye kona ya Oak Street mawimbi ya baridi hurukia njia yenyewe, yakiganda inakuwa kioo. Zamani palikuwa na balaa jingine, karibu na Navy Pier, ambako waendesha baiskeli, watembea kwa miguu, watalii na vigari vya watoto walibanana kwenye kijia cha daraja, tena baada ya kuvuka mitaa miwili yenye magari. Jiji likajenga daraja la juu kupita hapo. Walianza 2014 wakamaliza 2021. Miaka saba! Watu walikuwa wakilifanyia mzaha kila kukicha. Lakini nikipita sasa sikumbuki mzaha wowote, nashukuru tu.

Shida yangu inaanza nikiagana na ziwa. Kutoka pale mpaka njia ya Dearborn Street kuna mitaa michache, ya kuhesabu kwa vidole, isiyo na kinga. Kuna mstari mweupe tu. Ukiitazama ramani utasema si kitu, asilimia ndogo mno ya safari. Mwili hauhesabu hivyo. Kwenye mitaa hiyo ndipo mabega yanapopanda, ndipo ninapogeuka nyuma mara kumi. Rafiki zangu wawili walinunua baiskeli kwa sababu yangu na wote wawili waliacha kwa sababu ya kipande hicho. Hawakuniambia habari ya zile kilomita kumi na kitu nzuri. Waliniambia habari ya kona moja.

Dearborn sasa. Hii ndiyo ninayowapeleka wageni. Ilifunguliwa Desemba 2012, na hata leo nikiiona naona kuna mtu alikaa chini akafikiri. Magari yanakwenda upande mmoja, kaskazini. Baiskeli wana njia yao upande wa kushoto, ya kwenda na kurudi, na kati yako na magari yanayokwenda kuna magari yaliyoegeshwa. Utamu wenyewe uko kwenye makutano. Kuna taa ndogo yenye umbo la baiskeli, na wakati yako ni ya kijani, dereva anayetaka kukata kushoto ana mshale mwekundu, anakusubiri. Mtu asiyepanda baiskeli haelewi raha ya kitu hicho. Ajali nyingi mjini huwa ni za kona: wewe unakwenda mbele, gari linapinda, dereva anaapa hakukuona. Ukuta mrefu kiasi gani hausaidii kama kwenye kona umeachwa uchi. Dearborn wanakuvusha kona yenyewe.

Usidhani ni pepo. Wapitanjia wanajua magari yanatoka upande mmoja, kwa hiyo wanatazama upande mmoja, na wewe unatoka upande wa pili. Nina kengele ya chuma niliyotoa kwenye baiskeli ya marehemu baba, inalia kama ya mwuza aiskrimu. Watalii wanaruka. Na madaraja ya mto wa Chicago mengi sakafu yake ni wavu wa chuma, ukitazama chini unaona maji. Kwa gari ni kelele tu, kwa tairi jembamba siku ya mvua ni sabuni. Kwenye baadhi ya madaraja njia ya baiskeli imefunikwa juu ya ule wavu. Kwenye yasiyofunikwa nashuka, na sioni haya.

Nije kwenye nguzo za plastiki, zile zinazosimamishwa kutenga njia yetu na magari, maana hapo nina neno.

Njia ya kwanza ya mji huu kupewa kinga ilikuwa Kinzie Street, 2011, wakati wa meya Rahm Emanuel, na kinga ya miaka ile kwa sehemu kubwa ilikuwa rangi na nguzo hizo. Ni rahisi kuziweka, mtaa mzima unakamilika upesi, picha inapigwa. Lakini zimetengenezwa zilale zikigongwa kisha zisimame tena. Ukizitazama kwa karibu utaona kila moja ina weusi wa tairi kiunoni. Nyingine zimebaki kisiki, boliti nne na kipande cha plastiki kama jino lililovunjika.

Novemba ya mwaka juzi nilikuwa nashuka mtaa mmoja wenye nguzo hizo. Manyunyu, bado giza, saa kumi na mbili na robo. Gari la kupeleka vifurushi, la kampuni nisiyoitaja, lilikuwa limezilaza nguzo tatu na kuegesha katikati ya njia yetu, taa zinawaka-zinazima. Sikuwa na nafasi kushoto wala kulia ila kutoka nje, kwenye magari. Nikatoka. Kioo cha pembeni cha gari moja kikanipangusa mkono wa koti, kidogo tu, kama mtu anayekupita sokoni. Sikuanguka. Nilisimama mbele nimeshika breki zote mbili na vidole havitaki kuachia. Dereva wa vifurushi akarudi mbio na boksi tupu, akaniambia ni dakika moja tu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na vifurushi vingi na pa kuegesha hana. Niliripoti panaporipotiwa mambo hayo, na baada ya siku tisa nikapata ujumbe kuwa tatizo limeshughulikiwa. Nadhani walikuta ameondoka.

Nilimsimulia mzee wangu wa Bukavu. Alikuwa anasuka spoki, hata hakuinua macho. "Mama, ile haiko ukuta. Ile iko mapambo."

Miaka ya karibuni jiji limekuwa likiweka ukingo wa zege badala ya plastiki, na tofauti unaisikia mwilini. Gari dogo halipandi zege kwa dakika moja tu. Hata madereva wanatulia, kwa sababu barabara imekuwa nyembamba na hakuna pa kuchepukia. Mwaka 2019 watafiti wawili, Wesley Marshall na Nicholas Ferenchak, walitoa uchunguzi wa miji mikubwa 12 ya Marekani kwa miaka 13, na walichokiona ni kwamba palipo na njia za baiskeli zilizotengwa, vifo vinapungua kwa watumiaji wote wa barabara, wenye magari wakiwemo. Rangi peke yake haikuonyesha faida hiyo. Ningeweza kuwaambia mimi, kwa ushahidi wa koti langu.

Zege nalo lina mambo yake. Theluji ikishuka, greda kubwa halienei ndani, linataka greda dogo, na greda dogo siku nyingine halionekani. Kuna mtaa ambao theluji ya magari husukumwa yote upande wetu, ikaganda, na njia ikawa ghala la barafu mpaka Machi. Chumvi inakula cheni. Mimi hubadilisha moja kila msimu. Siku za namna hiyo naweka baiskeli mbele ya basi, kwenye kile chuma cha kubebea mbili, nashukuru nafika. Treni usiitegemee asubuhi: siku za kazi, kuanzia saa moja mpaka saa tatu, na tena saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni, hawapokei baiskeli. Ndizo saa ambazo watu wanazihitaji.

Na milango. Ukipita kati ya ukingo na magari yaliyoegeshwa, abiria anafungua mlango bila kutazama. Kitabu cha sheria za barabarani cha Illinois kinafundisha watu kufungua kwa mkono wa mbali, ili mwili ujigeuze wenyewe utazame nyuma. Somo zuri. Sijamwona aliyelifanya.

Ukiniuliza nyota, ziwani natoa tano, Dearborn nne, mitaa ya plastiki mbili, na rangi tupu siipi kitu kwa sababu rangi si huduma.

Jumapili iliyopita nilimpeleka binti. Ziwani alikuwa mbele yangu, nikimfokea apunguze mwendo. Ile mitaa ya katikati tulikokota. Dearborn taa yake ndogo ilipogeuka kijani, na foleni nzima ya magari ikabaki imesimama na mishale yake myekundu, alicheka kwa sauti. Akapita mbele yao amenyoosha shingo kama bibi harusi. Tukaendelea hivyo mpaka njia ilipoishia. Hapakuwa na kibao wala nini. Ukingo ulikatika, ukaja mstari mweupe, mstari ukaja kufifia chini ya basi lililosimama.

Akaweka mguu chini. "Mama, njia imekwenda wapi?"

"Shuka, mama. Tutakokota."

"Lakini sheria inasema nisipite juu."

"Inasema usiendeshe. Kukokota hawajakataza."