Kaske niliyonunua mu Birere: mambo ya kuangalia mbele ya kutoa makuta yako

Kwa wote wenye wanapanda moto (pikipiki) kila siku hapa Goma, mashariki ya Congo, nimetaka kuwaandikia kuhusu kaske (kofia ngumu ya kukinga kichwa) niliyonunua mu Birere, fasi ya biashara hapa mjini, ju watu mingi ku kazi wamekuwa wananiuliza bei na fasi ya kuipata, ni heri niseme yote mara moja. Kwa kifupi ni kaske muzuri, iko na kasoro zake nitazisema hapa chini, lakini ni ya kununua. Kwa kirefu sasa, lazima nieleze namna ya kuitofautisha na kile kikofia cha plastiki, ju mu Birere zote mbili zinauzwa ku meza moja, muuzaji ni mumoja, na jina ni moja tu, kaske.

Miye nakaa upande wa Ndosho na kazi iko mjini, kwa hiyo asubuhi ni moto, jioni ni moto. Wenye wanajua ile barabara ya kutoka Ndosho mpaka Rond-point Signers hawana haja niwaeleze. Makamyo ya kutoka Sake, bisi zenye zinasimama gafla fasi yoyote client amenyoosha mkono, chukudu (kile kigari cha mbao cha kubeba mizigo) imejaa makala na freni yake ni kipande cha pneu (tairi) mutu anakanyaga na mguu, watoto wa masomo wanavuka mbio, na katikati ya hayo yote sisi wa moto tunapenya. Tena gari mingi hapa volani (usukani) iko kuume, zinatoka Japani zinapitia Mombasa ao Dar es Salaam, na hapa Congo tunatembea upande wa kuume. Sasa shofere wa vile akitaka kupita kamyo, hawezi kuona mbele akiwa fasi yake, inabidi asukume pua ya gari yote mu njia yetu kwanza, kiisha njo aone kama kuna mutu anakuja. Na mwenye anakuja mara mingi ni motari (mwenye kuendesha moto ya kubeba watu) na client nyuma yake.

Kuna kitu nimeona kimebadilika na watu hawakisemi sana. Zamani, kiisha volkano ya 2002 kumwaga mawe mu mji, sehemu mingi tulikuwa tunatembea juu ya ile lava, moto inaruka ruka, huwezi kukimbia hata ukitaka. Ulianguka, ulichubuka magoti na mikono, ulienda nyumbani. Sasa lami imefika fasi mingi, ni jambo tulililia miaka, na miye nashukuru sana, lakini lami imekuja na mbio. Mutu anaanguka akiwa ku 60, ku 70, na kinachogonga chini siyo goti tena. Nendeni ku hospitali yoyote fasi wanalaza watu wa mifupa, mutakuta motari na client wake kitanda kwa kitanda. Shirika la Afya Duniani mu ripoti yake ya 2023 linahesabu watu milioni 1.19 wanaokufa barabarani kila mwaka duniani, 92 kwa mia ni mu inchi zenye makuta kidogo na za katikati, na kwa watu wa miaka 5 mpaka 29 barabara njo inaua kupita ugonjwa wowote. Hao ni vijana wetu, njo wale wale wanaendesha na njo wale wale wanapanda.

Bon, turudi ku kaske.

Nilipofika ku duka nilikuta zimepangwa, nyeusi, nyekundu, zingine na michoro ya moto inawaka. Muuzaji ni kijana mwenye adabu, akaniambia wazi kabisa: "Mama, hii njo ya polisi, hii ingine njo ya kichwa." Nilimuheshimu kwa ile neno ju wengi wangenipa ya kwanza na bei ya pili. Ile "ya polisi", ya kuvaa tu ju polisi wasikusimamishe, ilikuwa dola 8. Nikaigeuza nikaangalia ndani. Plastiki nyepesi, kiisha eponji laini ukiifinya na vidole viwili inashikana mpaka ku plastiki, kiisha basi. Hakuna kitu kingine. Mushipi wa kidevu umefungwa na msumari mudogo wa plastiki, niliuvuta kidogo tu ukalegea. Ile haizuii kitu. Kichwa kikigonga lami, eponji inalala papo hapo na nguvu yote inaingia mu fuvu.

Yenye nilinunua ni ya kufunika uso muzima, ilikuwa dola 45, akanipunguzia mpaka 40. Najua ni makuta mingi, kuna watu hiyo ni chakula cha nyumba cha wiki mingi, sisemi ni rahisi. Lakini angalieni tofauti yake. Chini ya kitambaa, ukikivua (kinavuliwa, kuna vibutoni), unakuta povu ngumu, ile nyeupe wanayofungia televizyo mupya mu karto, ila hii ni nzito zaidi na mara mingi nyeusi. Ile povu njo kaske yenyewe. Kichwa kikigonga, povu inapondeka pole pole na inameza ile nguvu mbele ifike ku ubongo. Ganda la inje kazi yake ni kusambaza pigo na kuzuia jiwe lisitoboe. Na kwa sababu povu inapondeka, inafanya kazi mara moja tu. Kaske yenye imeshagonga chini na kichwa ndani, hata kama inje inaonekana muzuri, imekwisha. Njo maana kaske ya okazyo (yenye ilishatumiwa) miye sinunui, hata ikuwe na jina kubwa, ju huwezi kujua ilianguka na nani.

Kiisha etiketi. Hapa muwe macho. Ku mushipi wa kidevu wa kaske yangu kuna kitambaa kidogo kimeshonwa, kiko na duara na herufi E ndani na namba pembeni yake, ile namba inaonyesha inchi yenye ilitoa ruhusa, E1 ni Ujerumani, E2 ni Ufaransa, E3 ni Italia. Chini kuna namba ndefu inaanza na 05, na katikati yake kuna herufi P, maana yake inakinga na kidevu pia. Ukiona J, ni ile ya uso wazi. Ukiona NP, ile sehemu ya kidevu ni ya kupendeza tu, haikingi kitu. Zenye zinaanza na 06 ni za kipimo kipya, zinapimwa kwa pigo la mbio na la pole pole, tena wanapima na namna kichwa kinazunguka wakati wa kugonga. Ukiipata hiyo, chukua. Zile za kutoka India ziko na alama ya ISI, hiyo nayo ni kipimo cha serikali yao. Lakini kibandiko cha DOT (alama ya Marekani) kilichobandikwa tu nyuma musikiamini peke yake, hata kule Marekani kiwanda chenyewe njo kinajithibitishia, serikali inakuja kukagua baadaye, sasa fikiria kibandiko chenye kilichapwa mu karakana mutu asiyeijua. Hata ile E inaweza kuwa ya uongo, njo maana etiketi inaenda pamoja na povu na mushipi, huwezi kuangalia kimoja ukaacha vingine.

Size ilinikamata wakati mingi. Kijana alitaka kunipa L ju "mama, itakuwa comfort", nikamwambia hapana kaka, acha nijaribu. Kaske muzuri inabana mashavu kidogo, ukiizungusha ngozi ya uso inazunguka nayo, na ukifunga mushipi, mukono ukajaribu kuivuta kutoka nyuma kuja mbele, haitoki. L ilitoka. M haikutoka. Sasa kwa wadada na wamama wenzangu, hii ni muhimu: nendeni kujaribu na nywele zenye munasuka kawaida. Miye nasuka ndogo ndogo za kulala chini, inaingia bila shida. Ukisuka kubwa za kufunga juu, kaske inakaa juu ya nywele na siyo juu ya kichwa, siku ya aksida inaruka peke yake. Munaweza kufunga kitambaa chepesi cha hariri ndani, inalinda nywele na jasho, ila kisikuwe kinene.

Sasa kasoro. Kioo cha mbele kimechubuka haraka sana. Vumbi yetu siyo vumbi ya mchezo, ni mawe ya volkano yamesagika, ukipangusa kioo kikavu unakikwaruza wewe mwenyewe. Mwagia maji kwanza, kiisha kitambaa laini. Usiku gari ikikuja na taa kubwa, ile mikwaruzo inawaka yote na huoni kitu, kwa hiyo usiku nakiinua. Pili, mvua ikinyesha kinajaa mvuke ndani, kuna matundu ya kupitisha hewa ku kidevu lakini ni madogo. Tatu ni uzito, karibu kilo moja na nusu, wiki ya kwanza shingo iliniuma, sasa nimezoea. Joto la saa sita mu msongamano wa Birere linachosha, hiyo siwezi kuwaficha. Nikitoa nyota, ni 4 kwa 5, ile moja imeenda na kioo.

Mushipi wake uko na kifungio cha meno meno, unasukuma inalia tak tak, unavuta uzi mwekundu inafunguka, hata na glovu. Hiyo niliipenda kupita yote ju kaske yenye kufunga inachosha, mutu haifungi. Na kaske isiyofungwa ni kofia. Naona wamotari kila siku wameiweka juu ya paji la uso, mushipi unapepea, ao wameitundika ku kiwiko wakiona polisi njo wanavaa. Ile ripoti niliyoisema inaandika kwamba kaske iliyovaliwa vile inatakiwa inapunguza hatari ya kufa zaidi ya mara 6 na hatari ya kuumia ubongo mpaka 74 kwa mia. Iliyovaliwa vile inatakiwa, siyo ile ya ku kiwiko.

Ajabu ni kwamba kuvaa tunajua. Mutu wa Goma akivuka petite barrière (mupaka wetu na Rwanda) kuingia Gisenyi, motari wa kule anampa kaske, anaifunga bila kuuliza, wanaenda client mumoja ku moto moja. Jioni anarudi huku, anapanda wa pili ama wa tatu ku moto moja, kichwa wazi, na ni mutu ule ule, siku ile ile. Kwa hiyo wasiniambie ni nywele, ama ni joto, ama ni uchafu wa kaske ya watu wote. Uchafu naukubali, njo maana nimenunua yangu.

Wamotari wameipokea vizuri kuliko nilivyofikiri. Wa kwanza aliniuliza "mama, hauniamini?" nikamwambia wewe nakuamini, kamyo njo siamini, akanyamaza, na siku ingine alinikuta tena naye amefunga mushipi wake. Wako na maisha ngumu wale vijana, wengine moto siyo yao, jioni lazima wapeleke makuta kwa patro (mwenye moto), njo maana wanakimbia. Kumuomba apunguze mbio na kumuongezea franka 500 ni kitu naweza, na nafanya.

Na kaske isiwape kiburi. Kile kipimo chenye kinaanza na 05 wanagongesha kaske ku chuma ikiwa na mbio ya mita 7.5 kwa sekunde, ni kama kilometa 27 kwa saa, ni kama kichwa kudondoka kutoka karibu mita 3 hivi. Inatosha kwa anguko mingi, ju kichwa kinaanguka kutoka urefu wa moto. Lakini mutu akiwa ku 80 akaingia mu kamyo uso kwa uso, hakuna kaske ya kumsaidia. Na miguu haifunikwi na kaske, wengi tuko na alama ya bomba la moshi ku mguu wa kuume, mavazi marefu ya kubana ni heri kuliko kitenge kinachopepea kuelekea mu sheni (munyororo). Wamama, kukaa upande ule wa miguu pamoja tuache, mutu anateleza nyuma ku shimo la kwanza.

Kuitunza: maji na sabuni tu. Wamotari wengi wanapangusa ganda na esansi (petroli) ju inang'aa, lakini esansi inakula plastiki, inakuwa ya kupasuka. Rangi ya kupuliza pia hapana. Na musiitundike ku jua siku nzima.

Kitu chenye kinaniuma bado, pale dukani na mu maduka mengine nilizungukia, sikupata hata moja ya mutoto. Ndogo kabisa ilikuwa S ya mutu mukubwa, mutoto wangu wa masomo ya msingi ilimzunguka yote mu kichwa. Na watoto ni wale tunawaweka katikati ya motari na mama, ama mbele juu ya tanki, kila asubuhi. Kijana wa duka anasema hakuna mwenye anaziuliza, kwa hiyo hawaleti. Nimemuachia namba na nimemwambia akileta za kichwa cha sentimita 50 mpaka 54 kuzunguka nitachukua mbili siku hiyo hiyo. Mwenye anapita pale naye aulize, hata kama hanunui leo, wakisikia tumekuwa wengi wataagiza. Na kama kuna mwenye ameona za watoto kwingine, Katindo, Himbi, Majengo, popote, aandike fasi na bei.